Kata Isiyolalamika

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Kazi zinakwendaje? Sisi huku hatujambo kiasi, na hilo neno "kiasi" nitalieleza mbele. Masikio yangu yako vilevile, kwa hiyo usinipigie simu. Mara ya mwisho ulipopiga niliitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia hata neno moja, na baadaye nikaja kuambiwa nimekubali kumpa mdogo wako kabati langu la vyombo. Wewe andika, umpe tarishi wenu. Kila wiki anakuja huku na bahasha za ofisi ya kata, na barua yako haitamvunja mgongo.

Baba yako anakusalimu. Kidonda chake cha mguuni bado hakijafunga. Sukari ikitulia kinapata nafuu, ikipanda kinaanza upya. Muuguzi wa zahanati amesema kisafishwe na kufungwa kila baada ya siku moja, tena kwa mikono yake yeye, kwa sababu sisi nyumbani tunakichezea tu. Kuja kwetu hawezi, zahanati nzima yuko peke yake. Sawa, nimemwelewa. Lakini zahanati iko ng'ambo ya korongo, na lile daraja la mbao unalolijua limebaki jina. Mbao za katikati zimeoza na kuanguka. Mimi pale naruka nimefumba macho. Baba yako hawezi kuruka. Kuzunguka kwa barabara kuu ni safari ya nusu siku, na hakuna gari linaloshika njia hiyo.

Kwa hiyo anabebwa mgongoni na Bonge, yule jirani mwenye bucha. Bonge anashuka naye korongoni taratibu, anapanda naye upande wa pili, na njia nzima anamsimulia habari za mpira ili mzee asione aibu. Mume wangu, aliyeendesha malori maisha yake yote, anabebwa kama gunia la mkaa, halafu jioni ananiambia timu gani imeshinda.

Nimeandika kwenu halmashauri kulalamika, nikaandika tena, nikaandika mpaka karani wa kata akiniona anafungua droo ya karatasi kabla sijakaa. Kujibu mnajibu, sikuonei. "Lalamiko lako limepokelewa, limeshughulikiwa, na limefungwa." Jirani yangu wa cherehani naye kajibiwa hivyohivyo kuhusu taa ya njiani, na usiku bado tunapapasa ukuta. Mwanangu, nimefundisha darasani mpaka nywele zikawa nyeupe, na sikuwahi kumpa mwanafunzi kalamu nyekundu ajisahihishie mtihani wake kisha nikampigia makofi. Wewe uko ndani ya ofisi hiyo. Hebu nieleze, mnafanya nini huko?

Mama yako


11 Februari

Shikamoo Mama, shikamoo Baba,

Mimi mzima wa afya, nashukuru, isipokuwa usingizi unanipita pembeni siku hizi. Barua yako nimeisoma chooni, kwa sababu mezani kwangu hakuna siri.

Umeuliza tunafanya nini. Kitengo chetu kazi yake ni kuipima halmashauri yenyewe. Najua unacheka, cheka tu. Kila mwaka wakati kama huu wakuu wa idara wanakusanyika ukumbini. Mmoja mmoja anasimama, anaeleza idara yake imefanya nini, kisha anapendekeza alama zake mwenyewe. Wenzake wanaruhusiwa kupinga. Hakuna anayepinga, maana akishuka jukwaani huyu, zamu ni ya yule. Jana mkuu wa maji alijipa nane kati ya kumi, mkuu wa barabara akamwambia, "Mwenzangu umekuwa mnyenyekevu mno, ongeza moja." Mimi nimekaa pembeni na kompyuta, nikaongeza. Halafu chai ikaingia.

Alama zikishaingia tunazipaka rangi. Kijani ni vizuri, njano ni wastani, nyekundu ni vibaya. Bosi wangu tunamwita Mzee Kijani, ila asisikie. Ukimpelekea karatasi yenye nyekundu anaitazama kama umemwagia chai juu yake, kisha anauliza kwa upole kama njano imekwisha.

Sasa linalotuhusu. Kata zote nazo zinashindanishwa, na kipimo kikubwa ni malalamiko. Kata yenye malalamiko mengi inahesabika kuwa inahudumiwa vibaya, yenye machache inahudumiwa vizuri. Mwaka jana kata yetu ilikuwa ya mwisho. Mama, ilikuwa ya mwisho kwa sababu yako. Wiki iliyopita walisoma orodha ya walalamikaji sugu, na wa kwanza alikuwa "mwalimu mstaafu, mtaa wa korongoni". Mkurugenzi akauliza kama huyo mama hana wajukuu wa kulea. Ukumbi ukacheka. Mimi nikatazama kompyuta.

Baadaye Mzee Kijani aliniita ofisini akafunga mlango. Amekwishajua ni wewe. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu, na kwamba itakuwa vigumu kumweleza mkurugenzi jinsi mtu anavyoweza kuitathmini halmashauri nzima wakati nyumbani kwao penyewe hapatulii.

Mama, nakuomba kitu kimoja. Nyamaza mpaka tathmini iishe, mwisho wa mwezi wa tatu. Ni wiki chache tu. Kata ikipanda nitakuwa na mahali pa kusimama, na kwenye kikao cha mipango cha mwezi wa tano daraja nitaliingiza mwenyewe, kwa mkono wangu. Nakuahidi. Mwambie Bonge namshukuru mno, amvumilie Baba kidogo tu.

Binti yako


20 Februari

Binti yangu,

Nimepata barua yako, na tunaendelea vizuri, baba yako anakula. Kidonda kimepungua upana. Muuguzi amefurahi, akasema tukiendelea hivi bila kuruka siku, kabla ya katikati ya mwaka kitakuwa kimefunga kabisa. Bila kuruka siku. Amelisema mara mbili, tena akinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye mguu.

Barua yako ilinikasirisha hadi nikaiweka chini ya mto nisiione. Mnapima kuridhika kwa watu kwa kuhesabu waliofungua mdomo. Ningekuwa nawapima wanafunzi kwa namna hiyo, darasa langu bora lingekuwa lile lililolala. Na huyo mkurugenzi mwambie wajukuu ninao, na wenyewe wanavuka korongo hilohilo kwenda shule.

Lakini baba yako aliisoma baada yangu, akavua miwani, akasema, "Mtoto akikosa kazi daraja litajengwa na nani?" Kwa hiyo sawa. Nimenyamaza.

Tena sikunyamaza peke yangu, maana wewe unanijua, jambo nikilishika silishiki nusu. Nimepita nyumba kwa nyumba. Mshona nguo nimemwambia aweke kalamu chini mpaka mwezi wa nne. Wale wa bombani nimewaambia maji yakikatika waje kunilalamikia mimi. Bonge alitaka kupeleka barua ya taka zilizojaa nyuma ya bucha lake, nikamkataza, nikamwambia kuna mpango, binti yetu yuko ndani, tumpe nafasi. Watu hawa nimewafundisha wao na watoto wao. Nikisema kaa, wanakaa. Karani wa kata siku hizi anasinzia mezani, hana la kufanya. Baba yako ananicheka, anasema miaka yote darasani nilishindwa kuwanyamazisha, nimekuja kuweza nikiwa na pensheni.

Nimefanya haya kwa ajili yako. Usije ukasahau.

Mama yako


4 Aprili

Mama yangu, Baba yangu, shikamooni,

Natumaini hamjambo wote, na kidonda kinazidi kujifunga. Mimi leo ni mzima kupita kiasi.

Tumekuwa wa kwanza. Kata yetu ndiyo kata bora ya mwaka. Tangu mwezi wa pili katikati haikuingia hata karatasi moja ya malalamiko kutoka kwenu, na Mzee Kijani alipofungua ukurasa wetu ukumbini ukawa kijani kuanzia juu mpaka chini, mpaka mwenyewe akavua miwani akaifuta. Wakuu wote walisimama. Mkuu wa barabara alisema ni matokeo ya mikakati. Hakusema mikakati gani.

Mkataba wangu umetiwa saini, miaka mitatu. Mama, miaka mitatu. Nilitoka ofisini nikakaa kwenye ngazi nikalia kidogo.

Diwani atakuja kwenu na ujumbe kutoka makao makuu kukabidhi kombe. Mpokee vizuri, tafadhali, na usianze kumsahihisha akihutubia. Kikao cha mipango ni tarehe nane Mei, na jina la daraja nimeshaliandika.

Binti yako mwenye furaha


19 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi, na hongera ya mkataba. Baba yako alifurahi mpaka akadai kunywa chai yenye sukari, nikamkatalia, tukagombana, kwa hiyo jua kwamba habari njema imefika.

Kombe tumepokea. Walikuja na magari kwa barabara kuu, hema wakalitundika uwanja wa shule, na spika wakaielekeza kwangu, kitu ambacho kwa masikio yangu kilinifaa. Diwani alihutubia. Alisema wananchi wa kata hii ni mfano, hawana manung'uniko, wanaridhika na wanachoona. Mshona nguo alikuwa kando yangu, akanikanyaga mguu kwa makusudi. Kisha wakaniita mbele nishike kombe na kupigwa picha, eti kwa niaba ya wazee. Nikalishika. Ni jepesi sana, kwa kweli, ndani limewekwa gazeti.

Niliwaomba waje waone korongo, hatua chache tu kutoka pale. Diwani akatazama viatu vyake akasema siku nyingine.

Nasema haya kwa sababu mvua zimeanza. Ubao mwingine umeondoka, sasa hata mimi siruki. Korongo linapitisha maji mpaka magotini, na kingo zinateleza. Wiki iliyopita Bonge alianguka na baba yako mgongoni. Hawakuumia, walilowa tu, lakini jioni Bonge alikuja kuniambia, "Mwalimu, mimi nina nguvu ila sina macho ya miguuni. Nikimuua mzee nitakutazamaje?" Sikuweza kumlazimisha.

Kwa hiyo tangu siku hiyo hatujavuka. Nakisafisha kidonda mwenyewe kwa maji ya chumvi, ninavyojua mimi. Baba yako anasema mikono yangu ni laini kuliko ya muuguzi, lakini huyo angesema hivyo hata kama ningemsugua na mchanga. Pembeni pameanza kuwa peusi kidogo. Niambie kikao kitakavyokwenda. Tunakusubiri wewe.

Mama yako


12 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui niulize nini kwanza. Baba anaendeleaje? Pale peusi pamepungua?

Kikao kimefanyika na daraja halikupita. Acha nikueleze jinsi ilivyokuwa, na mimi mwenyewe nikiandika bado siamini nimekaa katika chumba kile na watu wazima.

Matengenezo hupangwa kwa rangi. Kata zenye nyekundu zinaanza, zenye njano zinafuata, zenye kijani zinasubiri mwaka mwingine. Ukurasa wetu ni kijani kitupu. Nilipolitaja daraja, mkuu wa barabara alifungua taarifa akaniuliza daraja gani, maana kwake lalamiko lilishafungwa na linaonyesha limekamilika. Nikamwambia limeoza. Akauliza nani amelalamika. Mwaka huu hayupo hata mmoja. Akasema, tena kwa heshima zote, kwamba hatuwezi kuwanyang'anya wenye shida tukawape walioridhika. Na mama, ukisikiliza hivihivi, anaonekana mtu wa haki.

Kanuni zote mbili nilikuwa nazijua. Hii ya malalamiko naifanyia kazi kila siku, na hiyo ya matengenezo niliichapa mwenyewe mwaka juzi. Sikuziweka pamoja. Nimekaa nazo kwenye kompyuta moja muda wote huo, zikiwa faili mbili, na haikunijia hata mara moja kwamba zikikutana zitamfungia baba yangu upande mmoja wa korongo. Nilikuwa nafikiria mkataba. Nimechoka, mama, nimejichosha mimi mwenyewe.

Njia iliyobaki ni hii. Kuna mapitio ya nusu mwaka mwezi wa saba. Malalamiko yakiingia kwa wingi sasa, kata itashuka, na daraja linaweza kuingia kwa dharura. Andika tena. Waambie wote waandike. Waambie waandike kwa hasira.

Binti yako


27 Mei

Binti yangu,

Baba yako ana homa. Pale peusi pamekua.

Nimepita tena nyumba kwa nyumba, kama nilivyopita mwezi wa pili, na safari hii milango ilikuwa mizito. Diwani aliwaambia siku ya kombe kwamba kata bora itafikiriwa kuletewa umeme shuleni, kwa hiyo hakuna anayetaka kuitia doa. Mshona nguo aliniambia usoni, "Mwalimu, ni wewe uliyesema tunyamaze. Sasa unasema tupige kelele. Kesho utasema nini?" Nikaenda mlango unaofuata.

Bonge peke yake aliandika. Na mimi. Tumejibiwa jana, haraka kama kawaida yenu. Kwangu wameandika kwamba kata yangu ina sifa ya kuridhika, na kwamba malalamiko mawili hayatoshi kubadilisha picha ya jumla, hivyo yamefungwa.

Sina la kuongeza. Nina maji jikoni yanachemka.

Mama yako


14 Juni

Mama,

Shikamoo. Tarishi amerudi bila barua. Amesema alibisha hapakuwa na mtu. Labda mlikuwa bombani. Nijibu hata mstari mmoja.

Binti yako


2 Julai

Mama,

Wiki hii tena hakuna kitu. Nimempigia mdogo wangu, simu yake haipatikani, nadhani bado yuko machimboni. Nimeomba ruhusa nije, Mzee Kijani amesema hakuna anayetoka kabla ya mapitio, maana takwimu zote ninazo mimi. Nimemwambia baba yangu mgonjwa, akanishauri nisali. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa barua.

Binti yako


30 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Nimepata habari leo, kwenye ngazi, kwa tarishi. Alidhani najua. Aliniambia, "Pole kwa mguu wa mzee," nikamuuliza mguu gani umefanyaje, akashtuka akatazama pembeni. Amenieleza kwamba Bonge na vijana wa bucha walimzungusha kwa mkokoteni mpaka barabara kuu, kwamba mlikaa hospitali ya mkoa zaidi ya mwezi, na kwamba mmerudi wiki iliyopita. Mwezi mzima nilikuwa naandika barua kwenye nyumba iliyofungwa.

Kuna jambo nililolifanya kabla ya kujua haya, na nataka ulijue. Siku ya mapitio nilisimama. Sikuomba ruhusa. Niliwaambia kata yetu imekuwa ya kwanza kwa sababu ilinyamaza, na ilinyamaza kwa sababu mimi nilimwomba mama yangu, na nilimwomba kwa sababu mkataba wangu ulishikiliwa. Niliwaambia tunachopima si kazi yetu, ni uchovu wa watu. Nikajua nimeshafukuzwa, na nilijisikia mwepesi.

Mkurugenzi akasimama. Akanishukuru. Akasema taasisi ambayo mtumishi wa chini anaweza kuinuka na kusema maneno mazito namna hii bila woga ni taasisi iliyokomaa. Akapendekeza alama za uwazi na kujikosoa zipandishwe kutoka saba hadi tisa. Mzee Kijani akaunga mkono. Wote wakapiga makofi, halafu wakanigeukia, kwa sababu mwenye kompyuta ni mimi.

Na mama, niliongeza. Nilikuwa bado nimesimama, wakasema tisa, nikakaa nikaandika tisa.

Sasa wamenipa timu ya watu wanne tuje kwenu tarehe ishirini ya mwezi ujao kutathmini upya kata, kwa vile nimeonyesha moyo. Likizo wamekataa, kwa hiyo hii ndiyo njia ya haraka ya kuwaona. Tutakuja na gari la ofisi. Kuna maswali ya kuuliza kila nyumba, na moja ni kama daraja linatumika, maana nimesikia limejengwa, nami sikuambiwa lini wala na nani. Nijibu hilo mapema ili nilijaze. Na niambie kama Baba anaweza kuniona.

Mwanao


9 Agosti

Mwanangu,

Sisi tupo. Baba yako anakula, anapumua, anagombana na redio. Walimkata chini ya goti. Usiku mguu usiokuwepo unamwasha, ananiamsha nimkune, nami nakuna shuka, kisha ananiambia asante.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa hospitali nimelala sakafuni chini ya kitanda chake, na kwa sababu nilikukasirikia. Lisome hivyohivyo, usilitafutie njano. Nimekukasirikia na bado. Nimejikasirikia mimi pia, maana wewe uliomba mtu mmoja anyamaze, mimi nikanyamazisha mtaa mzima kwa kiherehere changu cha ualimu. Hasira hizi mbili ninaishi nazo nyumba moja, na kila siku moja inaishinda nyingine. Kukupenda sijaacha, kama ndilo ulilokuwa unaogopa kuuliza.

Kuhusu daraja. Lilijengwa wakati tuko hospitali. Bonge anasema walikuja na zege, vyuma na mafundi wengi, wakalimaliza kabla ya wiki kwisha na kulipaka rangi. Halmashauri jirani walikuwa wanatuma wageni kuja kujifunza kwa kata bora, na njia ya kuwaonyesha zahanati ilikuwa ni ile. Kwa hiyo sisi kulihitaji hakukutosha, ila wageni kulipita kulitosha. Ni daraja zuri, siwezi kusema uongo. Lina vishikio pande zote mbili.

Wageni walifika siku ya tatu baada ya sisi kurudi. Baba yako alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, shuka magotini. Kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akamwinamia akamuuliza kama ameridhika na daraja jipya. Nilijiandaa kusema mimi. Baba yako akanizuia kwa mkono, akamjibu kwamba daraja ni zuri, kutoka hapa anawaona watu wakivuka. Kijana akaandika, akamshukuru, wakaenda.

Unataka ujaze kama linatumika. Jaza. Linatumika. Wajukuu wanavuka kwenda shule, Bonge anavuka na nyama yake, mshona nguo anavuka na ameanza kunisalimu tena. Mimi navuka kila baada ya siku moja kuchukua pamba na dawa, na hata nikifumba macho sianguki. Muuguzi aliniuliza mzee yuko wapi, nikamwambia, akakaa chini. Andika wote hao. Baba yako usimwandike, yeye havuki.

Na hiyo tarehe ishirini usije. Sitaki kukufungulia mlango ukiwa na watu wanne na gari la halmashauri, uniulize kwa karatasi naendeleaje. Nikikujibu utaandika, na mimi nikikuona unaandika sitakusamehe maishani. Kama ni kumwona baba yako, ondoka huko kama mtoto, panda basi kwa nauli yako, ushuke barabara kuu utembee. Wakikunyima ruhusa, basi utakuwa umenyimwa na umekuja.

Anakuulizia kila siku. Jana aliniomba nimnyoe ndevu, nikamuuliza ana safari gani, akasema labda utakuja ghafla, hataki umkute hovyo. Nimemnyoa. Leo asubuhi zilikuwa zimeanza kuota tena, akaniomba tena.

Mama yako